Bi Nesi na Mlango wa Chumba cha Njiti

Kitu cha kwanza alichokitazama Bi Nesi kwa mtu kilikuwa kucha. Hakutazama uso, hakutazama nguo, wala hakungoja salamu imalizike. Umefika mlangoni na chupa yako ya uji, unamwamkia, naye anakwambia, "Lete mikono." Ukiitoa anaigeuza huku na huku, na akiona weusi chini ya ukucha anakuonyesha bomba kwa kidevu. Niliwahi kumwona akimrudisha sheha mzima, kiongozi wa mtaa, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, aliyekuja kumwona mjukuu wake.

"Mie sheha," mzee yule akasema, akidhani labda hakutambuliwa.

"Sheha huko kwenye shehia yako. Humu ndani sheha mie. Bomba lile pale, baba."

Sheha akaenda kunawa.

Manesi walikuwa wengi katika hospitali ile, lakini ukisema Bi Nesi, watu wote wa upande wetu wa Pemba walijua unamsema nani. Yeye alikuwa na chumba cha njiti, watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Kilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa wodi ya wazazi, chenye joto la kukutoa jasho, na mashine mbili za kulelea watoto ambazo moja ilikuwa haifanyi kazi tangu sijafika. Kwa hiyo sisi mama ndio tulikuwa mashine. Tulikaa na watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, tumefungwa kanga kutwa nzima, na umeme ulipokatika hatukuona tofauti kubwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanangu alizaliwa mwezi wa saba wa mimba, katika miezi ya mvua na baridi, miaka ile ya vyama vingi kabla ya maridhiano. Watu huniuliza nilihisi nini nilipomwona mara ya kwanza. Sikuhisi kitu. Nilimtazama alivyo mdogo, na mrija puani, nikawa nangoja hisia ije kama watu wanavyosema huja, haikuja. Nilimwambia Bi Nesi. Mwengine angenipa nasaha. Yeye alinitazama kucha, akasema, "Mfunge vizuri, shingo yake isilale. Kuhisi utahisi ukipata wasaa."

Aliwapa watoto majina yake mwenyewe, kwa sababu wengi walikuwa hawajapewa, wazazi wakiogopa. Mtoto aliyelala kwa utulivu alimwita Shehe. Aliyekuwa akivuta mrija alimwita Mkorofi. Wangu alikuwa akikunja kipaji cha uso hata usingizini, akamwita Hakimu. "Hakimu leo kacheua," ataniambia, "lakini kesi yake naiona nzuri." Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa wa kike, ana nywele nyingi mno kwa mwili ule, naye akamwita Bi Harusi.

Mlango ndio uliokuwa ugomvi wake wa kila siku. Mtu wa Pemba akisikia jamaa yake kavyaa, kajifungua, anakuja. Anakuja na shangazi, na jirani, na mkungu wa ndizi. Anataka kumbeba mtoto, ambusu, amsomee, ampulizie dua usoni. Bi Nesi alikuwa akisimama mlangoni ameweka mkono kwenye fremu na mwili wake wote mnene umeziba njia. Alisema uongo bila haya. Alimwambia baba mmoja kwamba mashine ina umeme unaoruka na kupiga watu. Alimwambia bibi mmoja kwamba daktari amelala uchi mle ndani. Bibi akakimbia na mtandio wake mdomoni.

Alichokuwa akikiogopa alikiita mdudu wa kifua. Daktari wetu, kijana aliyetoka kusoma bara, alikuwa na jina lake refu la kitabuni, lakini maana ni ile ile: kirusi ambacho kwa mtu mzima ni mafua ya kawaida, anapiga chafya siku mbili tatu na shughuli zinaendelea. Njiti akikipata, kinashuka mapafuni na vijia vya hewa vinaziba. Mama humpa mtoto kingamwili zake katika miezi ya mwisho ya mimba, na hawa walikuwa wametoka kabla ya kupewa. "Kaja duniani hana hata shati," Bi Nesi alisema, "na nyie mwamjia na mafua yenu."

Nisije nikamfanya walii. Alikuwa na watoto saba wake mwenyewe, wote wakubwa, wenye sauti, na hakuna hata mmoja niliyemwona akishikwa naye kwa upole. Mdogo wao alipokuja kumletea chakula alimpiga kofi la kisogoni kwa kuchelewa. Alitukataza udi na ubani karibu na watoto, lakini nguo zake za kwendea nyumbani zilinukia udi hata ukajua amepita. Alikuwa mlafi wa bajia za duka la Mhindi aliyekuwa mkabala na hospitali, na akila hakumkaribisha mtu. Na alikuwa mtu wa chama, chama chetu, tena wa chama hasa. Chini ya gauni lake jeupe la unesi alijifunga kanga ya chama kila siku ya Mungu, na sisi mama wa chumba kile tulikuwa tukiiona pindo alipoinama.

Kwa asiyekuwako, ni vigumu kuieleza miaka ile. Watu walikuwa wamegomeana. Wa chama hiki hanunui duka la chama kile, hapandi gari lake, haendi harusini kwake, na wengine hata maiti ya mwenzao hawakuizika. Kijijini kwetu sisi tulikuwa wengi, na waliokuwa upande wa pili walikuwa nyumba chache, tuliishi nao kama hawapo. Kaka yake Bi Nesi alivuka kukimbilia Mombasa mwaka wa fujo za siasa na hakurudi tena. Tangu hapo Bi Nesi hakuitikia salamu ya mtu yeyote wa chama cha upande wa pili. Nilimuuliza, kwa vile mimi ni mwalimu na nilijua kwamba kuitikia salamu ni wajibu, afanyeje na Mola wake. Akanijibu, "Naitikia moyoni. Yeye hasikii, Mungu asikia."

Sasa Bi Harusi, yule wa kitanda cha pili, alikuwa mtoto wa nyumba mojawapo ya zile zilizogomewa, tena ya kijijini kwetu. Mama yake na mimi tulikaa bega kwa bega, vifua wazi, siku nyingi, bila kusemezana. Baba yake alikuwa akija getini kila asubuhi, anasema "Asalaam alaykum, Bi Nesi," naye Bi Nesi anampita na kikapu chake. Akifika ndani anamchukua binti wa mtu yule na kumlisha tone tone kwa mrija, huku akimsimulia habari za bei ya mafuta ya taa.

Siku moja nilimsikia akimwambia daktari jambo ambalo sikulisahau. Alisema ameona kitu katika kazi yake: watoto wa nyumba zilizogomewa, wakishatoka hospitali, hunenepa. Daktari akacheka. Bi Nesi hakucheka. "Nani ataenda kuwabusu?" akasema. "Watu wawachukia wazee wao, hawendi. Mtoto akaa na mamaake peke yake mpaka akomae. Wa kwetu siye ndio wanaorudi hapa na vifua."

Kichupa cha dawa kililetwa na shangazi wa mume wangu. Yeye ni wa wale waliohamia Maskati zamani, na binti yake alikuwa akifanya kazi hospitalini huko. Waliposikia nimejifungua njiti, binti akamnunulia mamake dawa ambayo huko hupewa watoto wa aina hii, na mama akaja nayo katika chupa ya chai iliyotiwa barafu, kichupa kimezongwa taulo kisiguse barafu yenyewe. Tulipofungua kilikuwa na unga mweupe kidogo chini. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

Daktari aliisoma karatasi yake mara mbili, kisha akatueleza mimi na mavyaa, yaani mama wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu. Alisema hii si chanjo. Chanjo humfundisha mtoto kujitengenezea kinga, na hawa hawana nguvu ya kujifunza bado. Hizi ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, mtoto anachomwa pajani, anapata kinga hiyo tayari dhidi ya kirusi kile kimoja, na baada ya kama mwezi inapungua, lazima achomwe tena mpaka msimu upite. Akasema pia kwamba hupimwa kwa uzito. Kwa uzito wa mwanangu kilihitajika kiasi kidogo tu cha kichupa, na ukishauchanganya unga ule na maji hauwekeki. Kinachobaki ni cha kumwaga siku hiyo hiyo.

Bi Nesi alikuwa akikunja vitambaa. Bila kugeuka akasema, "Bi Harusi naye yumo humu."

Mavyaa alielewa mara moja. "Dawa hii imetoka Maskati kwa ajili ya mjukuu wangu," akasema. "Wale hata maji yetu hawanywi. Na siye yao hatunywi. Dawa ikibaki, imwagwe."

"Haya. Imwagwe wapi, Bi Mkubwa? Nionyeshe mahala, mie ntamwaga."

"Weye nawe! Mtu wa chama kama weye!"

"Simpi babaake," Bi Nesi akasema. "Babaake hata salamu yake siitikii, na kesho sitoitikia. Nampa huyu hapa. Huyu hana kadi."

Wote wakanitazama mimi. Mama yake Bi Harusi alikuwa amekaa pale pale, amemfunika mwanawe kichwa kwa kiganja, anatazama sakafu. Nikasema mpeni. Baadaye watu walikuja kunisifu kwa neno lile, na wengine walikuja kunilaumu, nami sikustahili lolote. Nilisema mpeni kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka waache kusema juu ya kichwa cha mtoto.

Wakachomwa wote wawili. Hakimu alilia, Bi Harusi alilia zaidi. Bi Nesi akakunja kichupa kitupu katika karatasi na kukitupa, na siku ya pili yake akampita baba wa Bi Harusi getini kama alivyosema.

Kichupa cha pili kililetwa kwa wakati. Binti wa Maskati alimpa msafiri, msafiri akakifikisha Unguja, lakini boti ya Pemba ilikuwa haijaondoka kwa sababu ya bahari kuchafuka. Akalala kwa jamaa zetu. Jamaa wakaambiwa kwamba dawa hii ni ya thamani na inataka baridi, na wao kwa heshima wakaiweka mahala penye baridi kuliko pote nyumbani, ndani ya friza, baina ya samaki. Ilipofika kwetu, kisanduku chake kilikuwa kimelowa na kunuka nguru. Daktari akapiga simu huku na huko akauliza, kisha akasema haiaminiki tena, baridi ile huiharibu. Mavyaa akamwomba Bi Nesi amchome mtoto hivyo hivyo, labda kumebaki kidogo. Akamsihi hata akataka kumshika miguu.

"Dawa iliyogandishwa mie simchomi mtoto," Bi Nesi akasema. "Sasa kilichobaki ni kufunga mlango. Mmenisikia? Mfungeni ndani mpaka mvua zishe."

Lakini mavyaa alikuwa ameweka nadhiri kwamba mtoto akitoka hospitali salama atafanyiwa akika na kusomewa maulidi. Na Hakimu alitoka salama. Alikuwa ameanza kujaa mashavu. Mume wangu alijaribu kumwambia mama yake tungoje, na mama yake akamwambia jambo ambalo katika miaka ile halikuwa na jibu: ukiwafungia watu wako mlango leo, kesho utasikia umehama chama. Nyumba iliyokosa watu shughulini ilikuwa nyumba iliyogomewa. Yeye hakuwa tayari kufika huko, wala mume wangu hakuwa tayari.

Bi Nesi alisikia, akaja. Hakualikwa kulinda, alijialika. Alikuja mapema, akavuta kiti, akakaa kwenye mlango wa chumba changu na miguu ameinyoosha kuziba njia, na watu wakawa wanajaa ukumbini na barazani. Wote walikuwa watu wetu. Walileta sabuni, kanga, mchele, vitenge vya kumfungia mtoto. Nusu yao walikuwa wakikohoa, ndio msimu wenyewe. Kila aliyefika mlangoni alikutana na "Lete mikono," wakacheka, wakadhani ni utani.

Ulipofika wakati wa kisimamo katika maulidi, kwetu mtoto hutolewa na kuzungushwa kwa wazee, kila mmoja akamkata unywele kidogo, akamsomea na kumpulizia. Mavyaa akaja kumchukua. Bi Nesi akakataa. Wakavutana kwa maneno ya chini, watu wamesimama wanasoma kwa sauti, na mwisho wakapatana: Bi Nesi amzungushe yeye mwenyewe, ambebe juu, mbali na nyuso za watu, wazee wakate nywele wasimpulizie. Nilimwona akizunguka ukumbi ule mzima amemnyanyua Hakimu karibu na bega, anarudi nyuma kila mzee anapoinamisha kichwa. Mzee mmoja alimpulizia kutoka mbali, kwa nguvu zake zote, kama anazima taa. Watu wakacheka. Kisha akamrudisha chumbani, akakaa naye kidogo pembeni, akanipa, akaenda zake kula pilau.

Baada ya siku chache mtoto akakataa ziwa. Kisha akaanza kukohoa kikohozi kidogo kisicho na sauti, na kifua kikawa kinadidimia chini ya mbavu kila anapovuta. Tulirudi katika chumba kile kile. Wakamtia oksijeni. Bi Nesi hakusema nilikwambieni, na mimi nilikuwa nikimngoja aseme. Hakimu alikufa asubuhi, jua limeshatoka, Bi Nesi akamtoa mrija, akampangusa pua, akamfunga vizuri ili shingo isilale, akanipa. Sikulia. Nilikumbuka kwamba nguo zake nimezianika nje na mbingu imefunga. Nikamwambia mume wangu atume mtu akazianue.

Bi Harusi alikuwa nyumbani kwao, hatua chache kutoka kwetu. Baba yake alimchinjia mbuzi naye, hakuenda mtu hata mmoja, wakala nyama wenyewe. Yule mtoto akawa mnene mpaka mikono ikaingia mikunjo. Mama yake alikuja kunipa pole. Alipita uwani ili asionekane, akanishika mkono, akaondoka. Ndiye mtu pekee aliyekuja bila kuniambia nishukuru.

Nilihamishiwa shule nyengine. Nikazaa tena, watoto wa miezi yao kamili. Nilikuwa nikisikia habari za Bi Nesi kwa mbali: kagombana na daktari mpya, kafukuza msafara wa wageni rasmi kwa ajili ya kucha, kazimia kazini kwa sukari. Alipomwona mama analia sana alimpa kazi ya kukunja vitambaa. Alipomwona halii kabisa alimpa vitambaa vile vile.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa baada ya maridhiano. Watu walikuwa wameanza tena kuzikana na kuozana, wengine wakijifanya hawakuwahi kuacha. Yeye alikuwa amestaafu, anakaa kwa binti yake njia ya Vitongoji. Nilimkuta barazani na rundo la karafuu mbichi mbele yake, anachambua, vijiti vya makonyo upande huu, karafuu upande ule. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, nikanyoosha mikono kabla hajasema. Hakuitazama.

"Kaa, Mwalimu," akasema. "Chambua."

Nikachambua. Nilikuwa nimekuja na swali, na nilikuwa nalo tangu siku ile, sikuwahi kumuuliza mtu. Nikamuuliza: kama kile kichupa chote angepewa Hakimu peke yake, kinga isingekaa zaidi? Asingeishi?

"La," akasema, wala hakufikiri. "Kilichozidi kingemwagwa. Sie tulimpa chake kamili. Mwezi ule kilimlinda, na mwezi ule hakuugua. Hilo litoe moyoni."

Nikasema ahsante. Nilidhani nikipata jibu lile kitu kitafunguka ndani yangu. Niliendelea kuchambua.

Akaweka mikono mapajani. "Nami nna langu," akasema. "Siku ya akika niliamka nna mafua. Nilijiambia ni vumbi la karafuu, ndio zilikuwa zaanikwa. Nikaja hivyo hivyo, nikasema ntakaa mlangoni tu. Kisha nikambeba. Nilipomrejesha chumbani, weye ulikuwa wajifunga kanga, umenipa mgongo. Nikamtazama alivyokunja uso. Nikamsomea. Nikampulizia."

Binti yake akatoka na chai, akaiweka, akarudi ndani. Sikuinywa. Nilimwambia kwamba nyumba nzima siku ile ilikuwa inapiga chafya, hapana anayeweza kujua ni nani. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Akatikisa kichwa. Alisema hilo naye anajiambia kila siku, na halimsaidii.

"Wanikasirikia?" akaniuliza.

Nilijitafuta kwa uaminifu, nikatafuta hasira, nikatafuta na huruma. Nikamwambia kweli: "Sijui, Bi Nesi. Sijahisi bado. Nikihisi ntakuja nikwambie."

Akavuta karafuu zake karibu. "Njoo basi," akasema. "Lakini usikawie. Mie mzee."